Bluu ya Shule

Mwalimu aliweka sweta mpya mezani, akasema kwa upole, "Mama, mistari ya shingoni umefuma kijani. Ya shule yetu ni bluu."

Nzisa alicheka. Alikuwa amefumia shule za Machakos sweta tangu ujana wake, na ya shule hii angeifuma hata akiwa amefumba macho. "Kwani hiyo si bluu, mwalimu?"

"Hebu twende nje kwa jua."

Mlangoni, mwalimu alitoa mkobani sweta ya zamani ya shule, akaishika kando ya ile mpya. Nzisa aliinama hadi pua ikakaribia kugusa sufu. Aliona kila kitanzi, hata uzi mmoja uliochomoza kwenye mshono. Lakini machoni pake mistari ya sweta zote mbili ilikuwa ya rangi moja.

Ndipo alipomkumbuka daktari wa kliniki ya sukari. Daktari huyo alikuwa amemwonya kwamba ugonjwa wake huo huweza kutafuna tabaka za neva nyuma ya jicho, hata rangi zikaanza kufanana, mtu akiwa bado anaona vizuri, kwa hiyo arudi apigwe picha ya macho.

"Daktari, mimi bado natia uzi kwenye sindano bila miwani," Nzisa alikuwa amemjibu kwa maringo. Hakurudi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine.

"Ni kitu kidogo tu, mama," mwalimu alimwambia waliporudi ndani. "Fumua hapo shingoni pekee. Uzi wa bluu si unao hapo?"

Nzisa aliigeukia rafu ya nyuzi. Akanyoosha mkono, ukabaki hewani.

"Nitolee wewe," alisema.