Fagio na Mapacha

Siku hizo kompyuta ya mezani haikuwaka bila Fagio, programu ya lazima iliyofuta kila kilichojirudia ili nafasi isijae bure. Watu waliipenda, maana mashine zao zilikuwa nyepesi.

Minza, mjane wa Kahama aliyeishi peke yake, naye aliisifu, mpaka siku alipofungua picha za wanawe mapacha akakuta za Kulwa tu. Doto, aliyefariki kabla ya kuolewa, hakuwamo hata katika moja. Fagio lilikuwa limeona nyuso mbili zinazofanana, likabakiza moja.

Akampigia simu Kulwa, aliyeolewa mbali.

"Mdogo wako amefutwa, mwanangu."

Kulwa akambembeleza. "Usilie, mama. Nitavaa kama yeye, nipige picha nikutumie. Sura si ni ile ile?"

Minza hakuwa na nguvu za kukataa. Jioni picha ikaingia: gauni la njano, nywele zimesukwa vile Doto alivyopenda, kichwa kimeinama kidogo. Akakigusa kioo kwa kiganja, akalia. Alipopangusa machozi, Fagio lilikuwa limekwisha kulinganisha. Lilibakiza hiyo mpya, na picha zote za Kulwa zilikuwa zimetoweka.

Akampigia Kulwa tena, akamweleza kuwa sasa picha zake yeye ndizo zilizofutwa.

"Njoo nyumbani, mwanangu. Nyumba imenizidi ukubwa."

"Unamwita nani, mama?" Kulwa akauliza taratibu.

Minza aliitazama ile picha ya gauni la njano, akafungua kinywa kulitaja jina, na jina halikumjia.