Tarehe ya Kufa kwa Salehe

"Bwana Karani, siku zimekwisha au bado?"

Mwanahalima aliuliza hivyo hata hajaketi. Karatasi ya Wareno iliyoeleza kwamba mumewe Salehe, mpishi, amefia kule Ibo, ndiyo kwanza imefika boma la Kisarawe. Hilario alikuwa bado anaifasiri kwa Kiingereza.

"Siku zipi, bibi?"

"Za eda. Miezi minne na siku kumi tangu alipofariki. Liwali kasema tarehe nije niulize kwako."

Hilario akatupa jicho barazani. Mwanamume mmoja, kanzu safi, alikuwa anamngoja mama huyu, naye Mwanahalima kila mara alimgeukia. Ala! Hilario akasema moyoni. Udongo wa kaburi haujakauka, mwenzetu keshapata wa kumfuta machozi!

Lakini hasira hazikukaa. Naye alikuwa mgane; nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umeamkaje aliijua inavyouma. Akahesabu. Eda ilikuwa imebakiza siku sita tu. Siku sita zina nini, hata mtu anyimwe faraja?

Tangu aanze kazi hiyo hakupata kugeuza tarehe ya mtu. Mapadri wa Kireno walimfundisha kwamba katika mambo ya sheria tarehe huandikwa kwa maneno, kwa kuwa tarakimu huchezewa, maneno hayachezewi. Siku ile aliyachezea. Palipoandikwa tarehe nane Machi, yeye akaandika, kwa maneno na kwa mwandiko mzuri, tarehe nane Februari. Akatia sahihi, akagonga muhuri, tarishi akaipeleka ndani kwa Bwana DC.

"Imekwisha, bibi," akasema kwa upole. "Imepita zamani. Uko huru."

Alingoja shukrani. Mwanahalima akaketi chini, palepale sakafuni. Yule mwanamume akaingia mbio, akamshika mabega.

"Dada! Kuna nini?"

"Twende zetu, kaka. Chumba mlichonitengea kifungueni, walale wageni." Akainuka. "Nilimwomba Mungu anibakizie japo siku moja ya kumkalia eda mume wangu."