Si Haraka

Programu ya kupimia dozi za watoto ilikuwa ya wote: ruhusa kuitumia, ruhusa kuirekebisha. Wote wakaitumia, kuirekebisha wakamwachia Tunu. Malalamiko yakafurika hadi kidole chake kikaota sugu kwa kuyapekua, na karibu kila moja liliandikwa "dharura", hata la aliyechukizwa na rangi ya kitufe. Tunu alianza na wenye kelele. Chini kabisa akakuta la muuguzi, la tangu juzi: "Samahani kwa usumbufu, dada. Si haraka. Dozi inatoka mara kumi ya ile tuliyoizoea."

Akaipiga namba yake. "Dada, yupo mtoto aliyepewa?"

"Usijali, mdogo wangu. Najua una kazi nyingi."

Nyuma ya upole huo, mwanamke alikuwa akiita jina la mtoto. Akaita tena. Tunu akaibana simu sikioni, akingoja mtoto aitike.