Baiskeli ya Baba Faith

"Mwizi! Mama Faith, baiskeli inaondoka!"

Rozina alikuwa nyuma ya nyumba akianika shuka. Sauti ilikuwa ya jirani yake Suzana, na ilitoka juu kwenye mwamba anakoanikia mihogo. Rozina aliitupa shuka kwenye beseni, akazunguka mbio hadi mbele. Pale ilipoegemezwa baiskeli yao, Phoenix nyeusi, palikuwa na ukuta mtupu.

"Nani?" aliuliza.

"Sura sikuiona! Nimeona mgongo tu, umenyooka kama wa askari. Kashika njia ya ziwani!"

Rozina hakuhitaji sura. Ni Ngosha huyo, mnunuzi wa baiskeli kuukuu kutoka Mirongo. Asubuhi alikuja kuiangalia, akajaza upepo magurudumu yote mawili, akatia mnyororo mafuta, akaizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari, kisha akaaga kwamba angerudi mchana na hela. Kumbe alikuwa anaiandaa!

Kabla ya kukimbia, alisogea dirishani.

"Baba Faith, nakuja sasa hivi! Usiondoke hapo!"

Hapo hapo akajiona mjinga. Okeyo, mumewe, angeondoka aende wapi? Ugonjwa wa kutetemeka, ambao daktari alisema uko kwenye ubongo na hauna kupona, ulikuwa umemkunja mgongo na kumfunga miguu. Dawa ikikolea aliweza kushika ukuta akajikongoja kidogo. Isipokolea, aliganda katikati ya chumba, nyayo kama zimegundishwa sakafuni, mpaka Rozina amwimbie pambio na kumsukuma kisigino kwa kidole cha mguu. Rozina ndiye aliyemfunga vifungo, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamgeuza kitandani. Hata jibu hakulisubiri. Siku hizi sauti ya mumewe ilikuwa ndogo, ukitaka kuisikia ulilazimika kumwekea sikio mdomoni.

Na baiskeli ile ndiyo iliyokuwa imebaki kumuumiza. Kwa miaka mingi Okeyo alisambaza sato kwayo, kutoka mwaloni, samaki wanaposhushwa, hadi milango ya Mkuyuni yote. Sasa alishinda dirishani akiitazama, hadi Rozina akashindwa kuvumilia. Jana alimwambia wataiuza. Okeyo aligeuza uso.

"Mwizi!" Rozina alipiga yowe, na mtaa ukaitika.

Mama ntilie alichomoka na mwiko wenye ugali. Fundi viatu alichomoka na kiatu cha mteja, na mteja akamfuata akirukaruka kwa mguu mmoja, "Kiatu changu, we fundi! Kiatu changu!" Suzana aliporomoka mwambani, khanga imejaa mihogo, ikimdondoka njia nzima. Kuku walipaa. Mbele kabisa, ndani ya vumbi, kengele ya baiskeli ililia kriing, kriing, kama ya bwana harusi.

"Ona linavyotukejeli!" alifoka mama ntilie. "Linapiga na kengele!"

Rozina alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimponyoka. Muda mrefu alikuwa akitembea kwa mwendo wa mgonjwa, hatua fupi fupi, na kumbe miguu yake bado inajua kukimbia! Kilemba kilimruka. Akakiacha. Aliteremka mlima ule huku akicheka na kupiga yowe kwa pamoja, na wenye maduka wakatoka kuona ni harusi au ni msiba.

Kwenye kona ya chini walimgonga mwanaume aliyekuwa akipanda mlima taratibu, jasho linamtoka. Alikuwa Ngosha.

"Shikamoo, mama. Ndo nakuja kuchukua baiskeli."

Msafara wote ulisimama.

"Wewe si uko juu yake?" Rozina alihema.

"Juu ya nini?"

Alipoelezwa, Ngosha alikasirika kuliko wote. Aling'oa mti kwenye uzio wa watu. "Yaani upepo nijaze mimi, aendeshe mwingine? Twendeni!"

Barabara iliishia ziwani, kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Mwizi hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa akizunguka uwanja, akikata kona kati ya mawe makubwa kwa ustadi, nyavu za dagaa hagusi hata moja. Watu wa mwaloni nao waliacha kazi. Duara likafungwa. Vumbi lilikuwa zito, mtu hakuonekana vizuri, kengele tu, kriing, kriing.

Mtu mmoja akaokota jiwe. Kisha wa pili. Ngosha akainua mti wake.

Rozina akaacha kucheka. Alijua yowe la mwizi linavyoweza kuishia, na yowe lile alilipiga yeye.

"Msimpige!" Alijipenyeza kwa viwiko, akaangukia ndani ya duara, akasimama ametanua mikono. "Baiskeli ni yangu! Nimesema msimpige! Mwacheni niongee naye mimi!"

Mawe yalibaki mikononi. Baiskeli ilikata kona ya mwisho, ikatoka kwenye vumbi, ikaja moja kwa moja kwa Rozina, ikampita pembeni karibu imguse gauni.

"Mama Faith!" mume wake alipaza sauti akianza mzunguko mwingine, mgongo umenyooka, meno yote nje. "Kutembea kumenishinda, ila kuendesha naweza! Sasa nashukaje?"