Kichuguu cha Wifi

Malkia wa mchwa alitolewa mzima, mnene kama kidole gumba cha mwanamume, na Scovia akamponda kwa jembe pale pale.

"Umekula vya kutosha," akamwambia.

Na kweli alikuwa amekula. Mlango wa jikoni, fremu za madirisha, miguu ya kitanda, mpaka gauni la harusi lililokuwa sandukuni, vyote vilipita tumboni mwa watoto wake. Scovia alikuwa amejaribu kila kitu. Alimwaga majivu, akamwaga mafuta taa, akapaka nguzo oili chafu ya gereji za Arua hadi nyumba nzima ikanuka lori. Mchwa walitulia kidogo, kisha wakarudi na njaa mpya. Safari hii walikuwa wameingia kwenye boriti ya chumba cha kulala, na chini ya boriti ile ndipo alipolala mtoto wake mchanga. Mvua moja ya nguvu ingetosha.

Kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, kikubwa, na mumewe, Acidri, hakutaka kiguswe.

Katika ukoo wa Acidri, pale Dadamu, mke akiletwa nyumbani hupewa kichuguu chake. Mvua zikianza anavuna kumbikumbi wake, na mwingine hana ruhusa hata ya kupeleka taa pale. Scovia, aliyetoka mbali kule Nebbi, alipewa kichuguu kidogo kilicho karibu na choo, akafurahi nacho. Hiki kikubwa, Acidri alisema, kilikuwa cha marehemu mama yake, na mama alimwachia binti yake wa pekee, Night Poni, aliyeolewa Koboko.

"Hii iko ya dada yangu," alisema. "Hapana gusa."

Scovia hakuwa mtu wa wivu. Kila msimu Acidri alivuna kichuguu kile mwenyewe, akaanika kumbikumbi, akajaza gunia na kumpelekea dada yake. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi na salamu, mara nyingine na kitenge. Scovia naye hakubaki nyuma. Kila safari alifunga simsim safi kwenye kitambaa, ya wifi.

Lakini hawakuwahi kuonana. Poni hakuja hata harusini. Bwana yake, Acidri alieleza, alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye wivu mbaya, hataki mke atembee wala apate wageni. Scovia alimhurumia sana wifi yake. Usiku mwingine alimwombea kabla hajajiombea mwenyewe, akimshukuru Mungu kwamba yeye alipata mume mpole.

Basi Acidri alipokwenda Kampala kununua bidhaa, Scovia akaita wachimbaji. Kumbikumbi watamu, sawa, lakini mtoto ni mtoto.

Jirani yao, Mama Dumo, alikuja akasimama juu ya shimo. Alimtazama malkia aliyepondeka.

"Umeua kichuguu ya mutu," akasema.

"Nyumba ilikuwa inaangukia mtoto, mama. Ningefanyaje?"

"Najua. Lakini utachukua kuku, uende kwa mwenyewe, upige magoti. Ndiyo desturi yetu."

"Acidri akirudi atanipeleka."

"Hapana ngoja Acidri." Mama Dumo alikwepa macho yake. "Acidri hapana jua kuomba msamaha. Enda weye."

Jioni Scovia alimpigia mumewe, akamweleza yote. Alitegemea kugombezwa. Badala yake Acidri akasema kwa sauti ya kubembeleza ambayo hakuwa ameisikia tangu siku za uchumba.

"Hakuna shida, mama. Kuku nitapeleka mimi. Weye kaa tu nyumbani. Ile bwana yake iko mubaya, itakupiga."

Scovia alikata simu akiwa na machozi. Kumbe bado alipendwa hivi. Na kwa sababu alipendwa hivi, aliona aibu kumwachia mumewe abebe kosa lake. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, akamshika kuku, akapanda gari la Koboko.

Nyumba ya Night Poni ilijulikana sokoni kote. Scovia alipofika alisita langoni. Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mlango wa chuma, madirisha ya chuma, nguzo za baraza chuma tupu. Hapakuwa na kipande cha mbao ambacho mchwa angeweza kukitia mdomoni. Mwanajeshi mkali, Scovia aliwaza, lakini amemjengea mkewe. Akaona choyo kidogo, akajilaumu.

Alibisha. Mwanamke wa makamo, mwenye uso mpole, akafungua. Scovia akapiga magoti hapo hapo kwenye saruji na kumnyooshea kuku kwa mikono miwili.

"Wifi, nimekosa. Nimeua kichuguu chako. Mchwa walikuwa wanaangusha nyumba juu ya mtoto. Tafadhali nisamehe, na uniombee kwa bwana yako asikasirike."

Poni alimtazama, akamtazama na mtoto, usoni, kwa muda mrefu. Kisha akapokea kuku, akamshika Scovia mkono na kumwinua.

"Ingia, mdogo wangu," akasema. "Bwana yetu alipiga simu asubuhi, akaniomba nisikufungulie. Lakini mke mkubwa atamfungiaje nje mke mdogo, na mtoto mgongoni?"