Vidonge vya Mwasiti

Siku ya arobaini, vitu vya Mwasiti viligawiwa mkekani, na kila aliyepewa kitu alikivaa palepale, ili marehemu aone kimepokelewa. Kanga zilifungwa, ndala zikavaliwa. Mdogo wake, Riziki, akapewa chupa ya vidonge vya homa ya ini C.

"Nawe meza kimoja tukuone," shangazi alisema, akimsogezea maji. "Ugonjwa wenu si mmoja?"

Riziki aliifungua chupa. Ilikuwa imejaa. Na kila asubuhi, miezi mitatu mizima, dada yake alikuwa akimwambia, "Nimeshameza."

"Shangazi, hivi vimetoka wapi?"

"Alikuwa anameza cha leo, cha kesho anakuwekea wewe. Aliniapisha nisiseme."

Riziki alitoa kidonge kimoja, akakishika mpaka kikaanza kulowa jasho. Daktari alikuwa amewaambia yeye na dada yake: kila siku kimoja, ukiruka ugonjwa haukuachi, usigawane na mtu, na usianze kabla hujapimwa damu. Mwasiti alikuwa ameitikia kwa kichwa, tena kwa adabu.

"Mimi bado sijapimwa damu ya kuanzia dawa, shangazi. Simezi."

"Unamkataa nduguyo mbele za watu? Mwenzio kajinyima!"

"Simkatai. Nampeleka hospitali."

Alikirudisha kidonge, akaifunga chupa kwenye pindo la kanga, akatoka. Njiani vidonge vililia kwa kila hatua. Alipofika kona ya msikiti alipunguza mwendo, kama mtu anayemngoja mwenzake aliyechoka.