Baka la Kijani Bawani

Ukame ulibakiza bwawa moja tu. Bata wenye midomo ya njano wakamweka Korongo ukingoni awafukuze wasio wao. Akaja bata chotara.

“Mdomo wangu ni wa njano, mzee. Mama yangu yule pale.”

“Lakini bawani huna baka la kijani kama lao.”

Mama akageuza uso, akaendelea kunywa. Chotara akafukuzwa, akafia matopeni.

Mwezi uliofuata bata wote wakanyonyoka manyoya ya mabawa, kama kila mwaka, wakawa hawawezi kuruka. Korongo akawakagua.

“Baka liko wapi?”

“Litaota tena, mzee,” mama akasema. “Si unanijua mimi?”

“Na wewe yule ulimjua.”

Akawatoa wote, wakaenda kwa miguu. Nje mbweha walikuwa wameshajipanga.